Fundi Asiyejua Kutunga Uzi

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimezaliwa kwenye nyumba ya kelele, nikaolewa kwenye nyumba ya kimya, na humo katikati nimeona mengi. Lakini siku mama mkwe wangu aliponiambia, huku anapangusa meza yake kwa kitambaa kama mtu anayesema leo kuna mawingu, "Mwanangu, mimi kutunga uzi kwenye cherehani sijui," nilikaa chini. Kiti hakikuwepo. Nilikaa hivyo hivyo, sakafuni.

Nikuambie kwanza huyu ni nani, usije ukadhani ni mtu wa kubandika vifungo vya nyumbani kwake tu. Mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Akipinda gauni, unaligeuza ndani nje hujui upande upi ni wa kuonyesha watu. Walimu, manesi, wake wa mapasta na wa masheikh, wote wamesimama mbele yake wamenyoosha mikono wapimwe. Nguo ikimshinda fundi mwingine huletwa kwake kwenye mfuko, kama mgonjwa anayehamishiwa hospitali kubwa. Na huyo ndiye ananiambia hajui kutunga uzi! Makubwa! Madogo yana nafuu.

"Hujui kivipi, mama?" nikamuuliza. "Na miaka yote hii ulikuwa unashona na nini? Na mate?"

"Baba yako alikuwa ananitungia."

Baba ni baba mkwe wangu, mumewe. Yeye ni fundi saa, na watu wanamwita Mzee Saa. Wawili hao wamefanya kazi kwenye veranda moja tangu kabla mume wangu hajazaliwa: mama huku na cherehani yake ya mkono, baba kule na kimeza chake chenye kioo na lenzi yake jichoni. Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alikuwa anaitunga uzi ile cherehani. Mama akitaka kubadili rangi alifunga uzi mpya kwenye mkia wa ule wa zamani akauvuta hadi upite kote. Uzi ukikatika katikati ya kazi, aligonga meza kwa mkasi, ko-ko-ko. Baba anavua lenzi, anakuja, anatunga, anarudi kwenye saa zake. Hasemi neno. Wateja walikuwa wanacheka, "Angalia mapenzi ya wazee hawa." Na mimi nilicheka nao. Nilijua ni madoido tu ya mke na mume. Kumbe mwenzangu, siku zote hizo, alikuwa hajui! Nilihisi kama nimeambiwa dereva wa basi nililopanda hajui breki iko wapi.

Sasa baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu wa kulia unaburuta, na maneno yalitoka moja moja. Nesi aliyekuwa anakuja kumfanyisha mazoezi alituambia bila kuzunguka: mwili wake una uwezo wa kuinuka, ila mwenyewe hataki, na akiendelea kulala vile hatainuka tena. Na kweli hakutaka. Alimwambia mwanawe, "Fundi saa bila mkono ni nani?" kisha akageukia ukuta. Chakula alikula akiwa ameangalia ukuta. Salamu aliitikia akiwa ameangalia ukuta. Mume wangu alikuwa akitoka chumbani mle anapitiliza moja kwa moja hadi nje ya geti, akalilie huko mwanaume wa watu.

Tangu siku ya kiharusi cherehani haikutoa sauti. Wateja wakija, mama aliwaambia subirini. Nilidhani ni huzuni, na nilikuwa nimekwenda kumtia moyo ajikaze kisabuni, ashone hata kidogo, mikono isimlale na yeye. Ndipo akanitolea hilo la kutojua. Tena alilisema kwa sauti ya kusikika hadi dukani, pale verandani, chini ya dirisha la chumba alimolala baba. Nikamwambia mama, taratibu, watu watasikia. Akasema wasikie, kwani nimeiba?

Basi nikainuka pale sakafuni. Mimi ushonaji si kazi yangu, lakini nilisoma darasa la jioni, na cherehani ndogo ninayo nyumbani. Nikasema hili ni jambo la dakika tano, namfundisha, tunamaliza, anarudi kazini. Ningejua!

"Angalia mama," nikaanza. "Kwanza zungusha gurudumu lije upande wako, mpaka sindano ipande juu kabisa. Sasa nyanyua hiki kiguu kinachobana kitambaa. Usisahau. Kikiwa chini, vile visahani viwili vya kubana uzi vimefunga midomo, uzi unaelea nje hauingii. Kikiwa juu, vimefungua."

"Vimefungua," akaitikia, kama mtoto wa chekechea.

"Rili ya uzi inakaa kwenye msumari wake. Uzi unapita kwenye hii ndoano, unashuka, unazunguka katikati ya visahani, unanasa hapa kwenye kispringi. Halafu unapanda huku. Unamuona huyu anayepanda na kushuka ukizungusha gurudumu? Mwalimu wetu alimwita mpandashuka. Uzi lazima umpitie tunduni. Ukimruka huyo, umekwisha. Kisha unashuka hadi kwenye sindano. Papasa sindano, upande mmoja una mfereji. Kwa mashine hii mfereji uko kushoto, basi uzi unaingilia kushoto unatokea kulia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nikamwonyesha na wa chini: bobini, kale karili kadogo ka chuma, inaingia kwenye nyumba yake, uzi unavutwa upite kwenye upenyo hadi uhisi kaukinzani kadogo, unairudisha mahali pake, unashika mkia wa uzi wa juu kwa mkono wa kushoto, unazungusha gurudumu mara moja, sindano inazama, inaibuka na uzi wa chini kama mtu aliyetumwa kisimani. Nikamchomolea nyuzi zote. Nikamwambia, haya, zamu yako.

Akavaa miwani. Akatunga polepole sana, ulimi nje. Akamruka mpandashuka. Akazungusha mpini, krrr, krrr, cherehani ikakwama, na chini ya kitambaa kukawa na tope la nyuzi.

Nikamwambia si neno, ndiyo kujifunza. Akarudia. Mpandashuka akampitia vizuri, lakini kwenye sindano akaingilia kulia. Uzi ukakatika. Tukarudia. Akapatia juu kote, akawa ameweka bobini kinyume. Tukarudia tena. Safari hii kila kitu sawa, ila alitunga kiguu kikiwa chini! Krrr! Tope lingine.

Sasa mimi mdomo wangu hauna breki. Kwetu wote tuko hivyo. "Mama jamani! Si nimesema nyanyua kiguu? Kiguu, kiguu, kiguu! Sindano nimesema kushoto! Huku ni kushoto? Kwani tunashona au tunachimba barabara?"

"Nisamehe mwanangu, kichwa cha uzee," akasema, kwa upole wa kukutia hasira zaidi. Chumbani kitanda kikalia kidogo. Sikujali.

Nikawa nakwenda kila jioni, na kila jioni ni yale yale: mashine inasaga meno, mimi napiga kelele, yeye ananiomba radhi. Habari zikatoka. Jirani yetu muuza mkaa hajui kutunza hata siri ya mkaa wake uliolowa, sembuse hili. Mtaa ukavimba: Mama Pindo hajui kutunga uzi! Kumbe fundi mwenyewe alikuwa yule mzee wake! Mwalimu mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema mbele yangu, "Kumbe siku zote nilikuwa navalishwa na fundi saa." Nikamjibu jibu ambalo siwezi kuliandika. Mama akanivuta mkono, akamkunjia yule mwalimu kitambaa vizuri, akampa na tabasamu juu. Nikajisemea, huyu mama naye huzuni imempanda kichwani.

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Siku moja nimemaliza kupiga kelele zangu, nimeaga, nimefika kona, mvua ikaanza. Mwavuli nimeuacha. Nikarudi kwa mlango wa nyuma nisiingize tope sebuleni. Jikoni mlango ulikuwa umeegeshwa, na kwenye upenyo nikaona cherehani imekaa juu ya meza ya jikoni, mbali na chumba cha baba. Mama amesimama mbele yake. Miwani hana. Macho yake yako kwenye sufuria ya maharage, anaangalia yasifurike. Na mkono wake, huo mkono wenyewe, unatunga uzi.

Sikumaliza kumeza mate. Ndoano, visahani, kispringi, mpandashuka, chini, akalamba ncha ya uzi, sindano. Mara moja! Wala hakuinama. Akapunguza moto, akavuta kiti, akaanza kushona, na ile cherehani iliyokuwa inasaga meno mbele yangu ikawa inasema kwa sauti laini utadhani imetoka kiwandani leo.

Alikuwa anashona shati la baba. Alikuwa ameondoa vifungo vyote akawa anaweka utepe wa kunata, ule unaobonyeza tu unashika, ili mtu afunge shati kwa mkono mmoja. Nilisimama pale mvua inaniingia shingoni na sikuwa na habari nayo. Akamaliza, akakata, akalikunja. Halafu akafanya jambo ambalo nusura linitoe roho: akauchomoa uzi wote tena, akauzungushia kwenye rili, akatoa bobini, akaigeuza kinyume, akairudisha.

"Mama!"

Aliruka. Akaniwekea kidole mdomoni, kidole chenye harufu ya kitunguu, akanikokota hadi uani karibu na karo la kufulia. Tukasimama chini ya bati, mvua inatupigia kelele.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu kwa mama yangu. Nimejua kutunga cherehani kabla ya kujua kujifunga kitambaa kichwani."

"Sasa mbona... Mama, mbona unanifanyia hivi? Nimepiga kelele mpaka koo limeota kutu! Nimegombana na mwalimu wa watu! Mtaa mzima unakucheka!"

Akakaa kwenye ukingo wa karo. Akaniambia kwamba walipooana tu, yeye alikuwa na wateja na mumewe hana hata mmoja. Hakuna aliyemwamini kijana mgeni na saa yake. Alikuwa anakaa verandani kutwa anaangalia miguu yake, na jioni anakataa chakula, anasema hakustahili. Siku moja mama akasema macho yake hayaoni tundu la sindano, tafadhali mtungie. Akatunga. Jioni ile alikula.

"Nikaona kumbe dawa ndiyo hii," akasema. "Kesho yake nikasema sijui kutunga kabisa, mama yangu hakunifundisha. Basi akawa anaamka kabla yangu. Wateja wakaja, saa zikamjaa mezani, lakini ile ya asubuhi hakuiacha. Hata tukigombana, hata tukinuniana wiki nzima, asubuhi nakuta uzi umetungwa. Sasa nikijitungia mwenyewe, atainuka kwa ajili ya nani?"

Nilijishika kichwa. Ndipo akili ikaanza kunirudi nyuma, nikaona ujinga wangu. Darasani kwetu niliona kila aina ya mwanafunzi, na asiyejua hurudia kosa lile lile mpaka mwalimu alie. Huyu kila mara alileta kosa jipya, na lile la jana hakuligusa. Ili ukosee vile kwa mpangilio lazima uwe unaijua mashine kama mfuko wako. Nilikuwa nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, tena mafuta mengi.

"Na wewe umenisaidia sana," akaendelea bila haya. "Ukipiga kelele, anageuka. Juzi aligeuka akaangalia dirisha. Jana alijikokota akakaa kitandani, nilimchungulia. Mashine ikisaga anakunja uso. Ile sauti inamuuma kuliko mkono."

"Na wateja je? Na jina lako?"

"Jina ni langu, nitalishona upya. Mume sina mwingine." Akanishika mkono, akanibana kweli. "Sikiliza, mwanangu. Usimwambie hata mumeo. Baba yako akijua kwamba ninajua, atageukia ule ukuta na hatageuka tena. Ataona hana kazi yoyote duniani. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilirudi nyumbani nimelowa chapachapa, mwavuli nimeusahau tena, na mume wangu aliponiuliza nina nini nikamwambia meno. Usiku sikuweza kula. Nilikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu miaka yote hiyo, na nilikuwa simjui.

Kesho yake nilikwenda mapema, na nikapiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga. Mtu akiwa mkweli hupiga kelele kiasi. Mimi sasa nilikuwa nadanganya, basi nikazidisha. "Mama, hapana! Kushoto! Hivi hata kushoto hukujui? Haki ya Mungu, bora tuiuze tununue mbuzi!" Mama akanikata jicho kwamba sasa unaharibu. Akazungusha mpini. Krrr! Krrr! Nikamwambia zungusha kwa nguvu, itajisawazisha.

"Mtaiua... hiyo mashine!"

Sauti ilitoka dirishani. Tulitazamana. Hatukuwa tumesikia sentensi ndefu kiasi hicho tangu alipougua. Kikafuata kishindo, kama cha fimbo kuanguka, kisha kimya, kisha kitu kinaburuzwa kwenye sakafu. Mimi niliinuka nikimbilie ndani, mama akanikamata gauni. "Kaa," akaninong'oneza. Uso wake ulikuwa umepauka.

Baba akatokea mlangoni. Amesimama! Mkono wa kushoto ameshika fremu, na amevaa lile shati, amelibonyeza mwenyewe, upande mmoja umepanda kuliko mwingine. Nilitaka kupiga kigelegele nikajiuma mdomo. Akaburuta mguu hadi kwenye cherehani. Mama akampisha kiti, haraka haraka, kisha akachukua kisu na sinia la vitunguu akaenda kukaa kwenye ngazi, anamenya, ametupa mgongo. Nilielewa. Hakutaka amwone anavyomtazama.

Baba akachomoa lile tope la nyuzi. Akatoa bobini, akaitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akaigeuza. Akanyanyua kiguu. Akaanza kutunga kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi ya maana maishani mwake, na ulikuwa unatetemeka. Uzi uliteleza kwenye ndoano, akaurudisha. Ukatoka kwenye visahani, akaurudisha. Jasho lilimtoka. Kwenye sindano alikosa, akakosa tena, nikahesabu nikaacha. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha nimsaidie, nikaikalia. Mwishowe uzi ukaingia, kutoka kushoto kwenda kulia, na baba akashusha pumzi ndefu akaegemea kiti. Uso wake ulikuwa umefunguka.

Mama akageuka kumtazama. Alishindwa kujizuia. Alitazama mara moja tu, kutoka kule ngazini, bila miwani, na jicho la fundi halina adabu, mdomo ukafuata.

"Umemruka mpandashuka," akasema. "Rudia."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Kisu cha mama kilisimama katikati ya kitunguu. Baba akautazama uzi wake, na kweli ulikuwa umetoka kwenye kispringi ukaenda moja kwa moja kwenye sindano. Kisha akainua macho kutoka kwenye uzi, akamtazama mkewe.

"Umejuaje?"

"Mimi nimemfundisha!" nikarukia. "Leo asubuhi! Ameanza kushika kidogo kidogo—"

Baba akainua kiganja cha kushoto, nikanyamaza. Hakunitazama hata kidogo. Mama angeweza kusema uongo. Alikuwa nao mwingi, na ulikuwa umefanya kazi miaka yote. Lakini alikuwa ametazamwa machoni, na uso wake ulikuwa umeshasema.

"Tangu lini?" akauliza baba.

"Siku zote."

Baba akageuza kichwa akatazama mlango wa chumba chake, kitanda kile kinaonekana pale, na ukuta wake. Alitazama kwa muda mrefu sana. Mama alikuwa ameshika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, sinia limeinama, vitunguu vinaanguka kimoja kimoja uwanjani na hakuna aliyevifuata.

Baba akaushika uzi. Akauchomoa kwenye sindano, akauvuta wote hadi kwenye rili. Akanyanyua kiguu tena. Halafu, kwa mkono ule ule wa kushoto, akagonga meza kwa mkasi, ko-ko-ko, polepole.

"Njoo ukae hapa," akamwambia. "Nikikosea... sema."